Ualimu Ughaibuni: Nchi Ipi Itakupokea Ukiwa Mwalimu?

Walimu wa Tanzania na Kenya wanaotaka kwenda kufundisha nje huuliza swali moja kwa namna nyingi: nchi gani inalipa vizuri? Huuliza mhitimu wa Hisabati ambaye bado anasubiri ajira ya serikali. Huuliza mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo minne na madaftari yasiyokwisha. Huuliza na mwalimu mkuu msaidizi aliyekwama daraja moja la mshahara kwa miaka mingi. Swali ni halali, lakini nafasi yake ni ya pili. La kwanza ni hili: je, nchi hiyo, kwa sheria zake, itamtambua mtu huyu kuwa mwalimu?

Mwalimu asiyetambuliwa na sheria anafanya kazi kwa hisani ya mwajiri. Mshahara ukichelewa hana pa kushtaki, na wakikosana na mwenye shule siku zake za kukaa nchini zinahesabika. Mwenye kibali kinachotaja kazi yake halisi ana mkataba mkononi na ofisi ya kazi ya kuiendea. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko nyongeza yoyote ya mshahara itakayoandikwa kwenye tangazo.

Kabla ya ramani, vyeti

Mwalimu akae na karatasi, ajibu haya kwa ukweli:

- Ana shahada au stashahada? Shule nyingi za nje huanzia kwenye shahada ya kwanza, na mwenye stashahada atakuta milango michache.
- Shahada yake ni ya ualimu, au ni ya somo tu bila mafunzo ya ualimu?
- Amefundisha kwa miaka mingapi, na anaweza kuthibitisha kwa barua?
- Amewahi kufundisha mtaala wa Cambridge au wa IB?
- Ana umri gani, na nani atasafiri naye?

Swali la uzoefu lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Marekani, katika mpango wa walimu wa viza ya J-1, hudai miaka miwili ya kufundisha. China nayo hudai miaka miwili kwa walimu wengi wa kigeni. Mhitimu mpya anayehangaika kutuma maombi kila upande angefaidika zaidi kwa kufundisha nyumbani miaka hiyo miwili, tena ikiwezekana katika shule yenye mtaala wa kimataifa. Zipo: International School of Tanganyika jijini Dar es Salaam, UWC East Africa huko Moshi na Arusha, Aga Khan Academy Mombasa, na shule nyingi ndogo za Cambridge mijini. Nafasi ya ualimu msaidizi katika shule kama hiyo inaweza kuonekana ni kushuka cheo. Sivyo. Mwajiri wa Doha au Kuala Lumpur akisoma wasifu wa mwombaji, jina la mtaala analolijua ndilo linalomfanya asome hadi mwisho.

Milango ambayo sheria imeifunga

Kila mwaka watu hupoteza fedha kwa kuomba mahali ambapo uraia wao hauruhusiwi. Heri kujua mapema.

Korea Kusini hutoa viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya anaweza kuongea Kiingereza safi kuliko wote hao na bado asiipate. Wakala anayemwahidi Mtanzania viza hiyo anadanganya, na hakuna haja ya kujadiliana naye.

China ina utaratibu unaokaribiana na huo kwa walimu wa lugha: anayefundisha lugha anatakiwa awe mzawa wa lugha hiyo, na kwa Kiingereza maafisa hutazama nchi ya pasi ya kusafiria. Lakini mwalimu wa Fizikia au Hisabati anayefundisha kwa Kiingereza katika shule ya kimataifa huombewa kibali kwa njia nyingine, na kwake mlango upo. Ajihadhari na vituo vya masomo ya ziada. Mwezi Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku kampuni hizo kujipatia faida kwa kufundisha masomo ya msingi ya shule, na nyingi zilifungwa katika muda mfupi. Shule iliyosajiliwa ina mizizi kuliko kituo cha tuisheni.

Uingereza imezua matumaini mengi, na mkanganyiko pia. Februari 2023 serikali ilifungua utaratibu wa kutambua walimu kutoka nchi zaidi, wapate hadhi ya mwalimu kamili iitwayo QTS. Nchi za Afrika zilizotajwa zilikuwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya na Tanzania hazikuwemo. Hata hivyo, sheria ya England humruhusu mwalimu aliyesomea ualimu nje kufundisha katika shule za serikali hadi miaka minne bila QTS, na katika muda huo anaweza kuitafuta. Shida ni kumpata mwajiri atakayemdhamini viza. Na England si Uingereza yote: Scotland ina baraza lake la walimu, na hairuhusu kufundisha katika shule za serikali bila kusajiliwa nalo.

Jirani naye ni nje

Wengi huona aibu kusema wanakwenda Kigali, kana kwamba safari isiyopita bahari si safari. Huko ni kujinyima. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatoa msingi wa kufanya kazi katika nchi wanachama. Kibali bado kinahitajika na kila nchi ina orodha yake ya taaluma, lakini Kenya, Uganda na Rwanda zimeondoleana ada za kibali cha kazi.

Rwanda inastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2008 iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu hapo imehitaji walimu wanaokimudu. Mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka 2022 ikapandisha mishahara ya walimu wa msingi kwa asilimia 88 na ya walimu wa sekondari wenye shahada kwa asilimia 40. Asilimia hizo zisimlevye mtu, kwa sababu mishahara ilianzia chini sana. Anayetaka fedha atazame shule binafsi na za kimataifa za Kigali.

Sudan Kusini ina shule nyingi zinazotegemea walimu wa Kenya na Uganda. Malipo yake hutajwa kwa dola, lakini usalama hubadilika haraka na fedha ya huko imeporomoka mno. Mkataba wa Juba usiotaja sarafu ya malipo usisainiwe. Shelisheli imekuwa ikiajiri walimu wa kigeni kwa muda mrefu, Wakenya wakiwemo, na bei za vitu kule ni za kisiwa kinachoagiza karibu kila kitu.

Afrika Kusini inaonekana rahisi kwa sababu ya Kiingereza, ila ina ngazi mbili zisizorukwa: mamlaka ya sifa za elimu, SAQA, ipime vyeti, kisha baraza la walimu, SACE, limsajili mwalimu. Bila hizo mbili hakuna shule itakayomwajiri kihalali. Na anayekwenda kule ajue kwamba fujo dhidi ya wageni zilitokea mwaka 2008, 2015 na 2019. Mtaa wa kuishi uchaguliwe kwa kuuliza wenyeji wa nyumbani walioko huko, si kwa bei ya pango peke yake.

Ghuba: soma mshahara wa msingi

Hapa ndipo maswali ni mengi zaidi, na hapa ndipo makosa ya hesabu yanaumiza zaidi.

Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Ni kweli, na ni faida kubwa. Lakini sheria ya huko humpa mfanyakazi kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Maneno ya kuyashika ni "mshahara wa msingi". Shule moja ikimpa mwalimu dirham 8,000 zote zikiwa mshahara wa msingi, na nyingine ikampa 8,000 zenye msingi wa 4,000 na posho za 4,000, kila mwezi atapokea sawa. Baada ya miaka miwili, katika shule ya kwanza ataondoka na kiinua mgongo cha takriban dirham 11,200, katika ya pili 5,600. Anayesaini bila kuuliza mgawanyo huo ameacha nusu ya haki yake mezani kwa mwajiri.

Mengine ya kuhakikisha kabla ya kusaini:

- Nani analipa gharama za kuajiri? Sheria ya Falme za Kiarabu inamwekea mwajiri mzigo huo. Mwalimu anayedaiwa "ada ya viza" na wakala aulize ni ya nini, na apewe jibu kwa maandishi.
- Pasi ya kusafiria inakaa kwa nani? Mwajiri haruhusiwi kuishikilia.
- Mkataba wa Kiarabu unasema nini? Kwenye mgogoro, maandishi ya Kiarabu ndiyo hutazamwa. Mtu anayejua Kiarabu ausome kabla ya saini, na pwani hawakosekani.
- Kibali kimeandikwa "mwalimu", au kazi nyingine? Mwalimu aliyeingizwa kwa kibali cha karani hawezi kudai haki za ualimu.
- Familia inaruhusiwa? Katika Falme za Kiarabu mtu hudhamini mke au mume na watoto akiwa na mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Ruhusa hiyo haimaanishi fedha zitatosha: karo ya mtoto katika shule binafsi inaweza kumeza posho zote.

Qatar ilibadilisha sheria mwaka 2020 hivi kwamba mfanyakazi anaweza kuhama mwajiri bila barua ya ruhusa ya yule wa zamani. Ni jambo la kuzingatia kwa anayelinganisha Doha na miji mingine.

Na Omani? Msomaji wa Zanzibar au Mombasa huenda ana jamaa Muscat, mji ambao Kiswahili husikika majumbani na madukani kwa familia zilizowahi kuishi Afrika Mashariki. Hilo hupunguza upweke sana, na upweke ni sababu ya walimu wengi kurudi kabla ya mkataba kwisha. Ila halimpi mtu leseni. Shuleni lugha ni Kiarabu na Kiingereza, na vyeti vitapimwa kama vya mgeni mwingine yeyote.

Mwalimu wa Kiswahili aende wapi?

Swali hili huulizwa kwa hisia kali, hasa tangu Umoja wa Afrika ulipokifanya Kiswahili lugha ya kazi mwaka 2022 na UNESCO kutangaza Julai 7 kuwa siku yake mwaka 2021. Wengi walitarajia mabasi ya walimu kuondoka wiki iliyofuata. Maazimio hayo ni heshima kubwa, ila hayakuja na ajira. Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kukiweka miongoni mwa lugha za hiari. Kote huko kasi ya kuajiri inategemea bajeti, na mwalimu asiache kazi kwa sababu ya tangazo la waziri.

Njia zinazojulikana ni hizi. Ya kwanza ni mpango wa Fulbright FLTA, unaowapeleka walimu vijana katika vyuo vya Marekani kusaidia kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo huku nao wakisoma. Kwa kawaida hulenga walio kati ya miaka 21 na 29, na humtaka mtu arudi nyumbani kwa miaka miwili kabla ya kuomba baadhi ya viza za kuishi na kufanya kazi kule. Anayeuona kama tiketi ya kuhama atavunjika moyo. Anayeuona kama mafunzo na jina zuri kwenye wasifu atanufaika. Ya pili ni vyuo vikuu vya Asia vyenye idara za Kiswahili, kama Beijing Foreign Studies na Hankuk ya Korea Kusini, vyenye nafasi chache zinazotaka shahada za juu. Ya tatu ni shule za kimataifa zinazofundisha Kiswahili kwa wageni, na hii ndiyo inayosahauliwa, ilhali ina nafasi hata hapa hapa Afrika.

Kwa zote tatu kuna upungufu mmoja unaowaangusha waombaji: kumfundisha Kiswahili mtoto wa Iringa si sawa na kumfundisha mtu mzima ambaye hajawahi kusikia ngeli. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) huendesha mafunzo kwa wanaotaka kufundisha wageni, na TATAKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SUZA huko Zanzibar wana uzoefu wa miaka mingi wa kazi hiyo. Cheti cha mafunzo hayo, pamoja na video fupi ya somo halisi, vina nguvu kuliko barua tano za kusifiwa.

Marekani na Uingereza: gharama zinazokuja kabla ya mshahara

Viza ya J-1 ya ualimu hudumu miaka mitatu, na inaweza kuongezwa hadi miaka mitano kwa jumla. Vyeti hupimwa kwanza na taasisi ya Marekani inayotambuliwa, kisha jimbo hutoa leseni, na kila jimbo lina masharti yake. Masharti ya viza ya Marekani yamekuwa yakibadilika sana tangu 2025, kwa hiyo taarifa ya mjomba aliyekwenda 2019 isitumike. Tovuti ya ubalozi isomwe siku ile ile ya kuomba.

Uingereza humtaka mwombaji alipe huduma za afya kabla hajaanza kazi. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na 776 kwa mtoto. Mwalimu na mwenzi wake wakienda miaka mitatu, watalipa pauni 6,210 kwa mkupuo, kabla ya ada ya viza na nauli. Watu wamepata barua ya kazi kisha wakakwama hapa. Shule iulizwe mapema kama italipa sehemu yake.

Ishara za kusimama papo hapo

- "Njoo na viza ya utalii, tutaibadilisha ukifika." Thailand, kwa mfano, ina njia halali: viza ya kazi isiyo ya utalii, kibali cha kazi, na ruhusa ya baraza la walimu la huko. Anayeingia kwa utalii na kufundisha anavunja sheria yeye pia, si shule peke yake.
- Mahojiano ya dakika kumi kwa WhatsApp bila mtu kuuliza somo linafundishwaje.
- Tangazo la Thailand lenye mshahara wa ajabu na kazi isiyoeleweka vizuri. Tangu 2022 Wakenya kadhaa wameokolewa kutoka Myanmar baada ya kuahidiwa kazi Thailand na kuvushwa mpaka, wakalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Baadhi yao walikuwa wasomi wenye shahada.
- Wakala asiye na leseni. Kwa Kenya orodha ipo kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira; kwa Tanzania iulizwe TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Leseni ya kampuni ikaguliwe kwa jina na kwa tarehe ya kuisha.

Msomaji atasema: shangazi yangu alipita njia hiyo ya utalii na leo ana nyumba. Huenda. Waliokamatwa wakarudishwa huwa hawasimulii kwenye harusi.

Kazi ya nyumbani kwanza

Vyeti huchukua muda kuliko viza. Utaratibu wa kawaida ni chuo kithibitishe, kisha mamlaka ya elimu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi aendako. Rwanda na Burundi zimo katika mkataba wa apostili, yaani wa kutambua hati kwa muhuri mmoja bila kupitia ubalozi, na China iliingia Novemba 2023, hivyo mwalimu wa Kigali anayekwenda China hupitia muhuri mmoja. Falme za Kiarabu hazimo, na huko safari ya ofisi kwa ofisi inabaki pale pale. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha shahada na kwenye pasi yalingane herufi kwa herufi. Tofauti ya Mohamed na Mohammed imewahi kuchelewesha watu miezi. Cheti cha tabia njema kiombwe mwishoni, maana nchi nyingi hukitaka kikiwa kipya.

Mwalimu wa serikali aombe likizo bila malipo kwa maandishi na asubiri jibu kwa maandishi. Anayeondoka kimya huandikwa mtoro kazini, na miaka mitatu baadaye mwajiri mpya akiomba barua ya utumishi, ataandikiwa hivyo hivyo. Deni la mkopo wa elimu ya juu, HESLB kwa Tanzania au HELB kwa Kenya, halibaki uwanja wa ndege: HELB hutoza faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi usiolipwa. Mfuko wa pensheni uulizwe kuhusu uchangiaji wa hiari, kwa kuwa miaka ya Ghuba haihesabiki nyumbani mtu asipochangia.

Kwenye begi la mkononi, si lile linalopakiwa, zikae nakala tatu za mkataba uliosainiwa, vyeti halisi, namba ya ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi yake kule aendako, na fedha za tiketi ya kurudi ambazo mwajiri hajui kuwa zipo. Nakala nyingine ya mkataba na anwani kamili ya shule abaki nayo mtu mmoja nyumbani anayepokea simu hata usiku.